Njia ya Bosi Kwenye Sakafu Nyekundu

Mama yangu ana nyonga iliyolika, ana mkongojo, ana barua ya daktari inayosema asikanyage mahali panapoteleza, na bado mwezi uliopita alichagua vigae vinavyong'aa kiasi cha mtu kujitazama meno. Nilifunga safari kutoka mjini hadi Kitengela kwa jambo hilo moja tu, kumzuia. Nilimkuta sebuleni na fundi, maboksi ya vigae yamepangwa ukutani, naye ameketi kwenye kiti cha marehemu baba akitoa amri.

"Mama, hizi tiles zinateleza," nikamwambia.

"Niliziona dukani. Si macho imeharibika. Ni mguu."

Kama umewahi kuwa na mama wa aina hii, sina haja ya kukueleza zaidi. Niliinama nikaitazama sakafu ya zamani ili nisije nikatamka neno la kujutia. Ilikuwa ile ile ya saruji nyekundu niliyoisugua kwa magoti yangu utoto wote. Fundi alikuwa akiipima. Alipofika mlango wa jikoni akasimama, akauliza, "Na hapa kulifanywa nini? Mbona ni kama barabara?"

Alikuwa akiulizia mstari mpana kama magunia mawili yaliyolazwa sambamba. Unaanzia mlango wa jikoni, unakata sebule katikati, unaishia nyuma ya kiti cha baba. Sakafu yote ni nyekundu iliyoiva, lakini pale imepauka na ukipitisha kiganja inakwaruza. Mama akajifanya hakusikia. Mimi nikatoka nje kupunga hewa. Kwa kuwa fundi hakujibiwa, acha nikujibu wewe.

Tulihamia Kitengela miaka ya tisini, tukitoka kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji alikoajiriwa baba. Alinunua ploti, akajenga vyumba vitatu, akatuhamishia humo kabla madirisha hayajawekwa vioo. Siku hizo ukisimama mlangoni uliona mbuga tupu hadi macho yachoke. Nyumbu walipita nyuma ya choo chetu bila hodi, na asubuhi tulikuta kinyesi cha pundamilia pale mama alipopanda sukuma wiki. Jirani wetu wa karibu alikuwa bibi mmoja wa Kimasai ambaye sote tulimwita koko, yaani nyanya, na boma lake lilikuwa mwendo wa kumaliza muwa mmoja.

Watu wa kwetu magharibi walituonea huruma. Kila barua iliyokuja iliuliza kama tunapata chakula huko porini na kama watoto hawajaliwa na simba. Barua hizo zilimuumiza sana mama. Sakafu ndiyo iliyokuwa jibu lake. Aliisimamia ikimwagwa, rangi aliichagua mwenyewe, na tangu siku ilipokauka akaweka sheria kwamba viatu vivuliwe mlangoni na udongo mweusi wa Kitengela ubaki huko huko nje.

Jumamosi ilikuwa siku ya sakafu. Nilipiga deki, nikasubiri pakauke, nikapaka nta kwa kitambaa, kisha tukaleta blanketi kuukuu. Mdogo wangu alikaa juu yake, nami nikamburuta chumba kizima mpaka sakafu ing'ae. Nta tuliilainisha kwa mafuta ya taa, na hadi leo harufu hiyo ikinipata mahali magoti yananiuma. Mama alikagua kwa kuinama upande na kufumba jicho moja. Akiona doa alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nikaanza upya.

Bosi alikuwa mbwa mkubwa, nusu Alsatian, nusu hakuna anayejua. Mkubwa wa baba kazini alipohama nchi aliwagawia wafanyakazi vitu vyake. Mmoja akapata friji, mwingine akapata meza ya watu wanane, baba yangu akapata mbwa. Mama hakumsamehe baba kamwe kwa ile friji. Na huyo mbwa alikuwa amelelewa ndani ya nyumba, juu ya zulia, na hakuna aliyemweleza kwamba mambo yamebadilika. Tulipomfunga nje alikwaruza mlango wa jikoni hadi rangi ikabanduka. Mama alisema amezaliwa akijua mbwa hulala nje na atakufa akijua hivyo. Baada ya juma moja Bosi alikuwa akilala nyuma ya kiti cha baba.

Kwa miaka minne aliingia kwa mlango wa jikoni, akapita katikati ya sebule, akajitupa nyuma ya kiti kwa mguno, na kila alama ya ukucha wake niliifuta mimi.

Alipofikisha miaka tisa hivi alianza kuinuka kwa vipande, mbele kwanza, kisha nyuma baada ya kufikiri. Akikimbia, miguu ya nyuma iliruka pamoja kama ya sungura. Baba alisema ni uvivu. Mama alisema ni uzee. Mimi nilisema anajifanya, kwa sababu sufuria ya nyama ikifunuliwa alifika kabla yetu. Nakueleza hili kwa aibu. Mbwa alikuwa akiumwa na nyumba nzima ilikuwa ikimgombeza.

Daktari wa mifugo alikuja kwa koko kuchanja ndama, baba akamwomba apitie kwetu. Alikuwa mtu wa ng'ombe zaidi. Alimlaza Bosi ubavu kwenye nyasi, akaukunja mguu wa nyuma, akauvuta kando polepole, kichwa kimeinama kana kwamba anasikiliza kwa vidole. Bosi, ambaye hakuwahi kumbwekea hata mwizi, alilia.

"Hii mbwa iko na shida ya hips," daktari akasema. Akakunja ngumi, akaiingiza kwenye kiganja cha mkono wa pili. "Mfupa ya mguu inafaa kukaa hivi, ndani ya kikombe yake. Sasa ya huyu kikombe ni kama sahani. Mfupa inacheza, inasagana. Alizaliwa nayo, ni vile amezeeka ndio mnaiona."

Baba alikasirika kama aliyetukanwa yeye. "Alizaliwa nayo aje? Hii mbwa ilitoka kwa mkubwa."

"Hata wakubwa wako na mifupa, mzee."

Baba hakuridhika. Alimpakia kwenye pikapu ya kazini hadi Nairobi akapigwe picha, na picha ikasema yale yale. Ile filamu nyeusi aliitia kwenye bahasha ya kaki, na kwa miezi mingi kila mgeni wetu alilazimika kuiinua dirishani na kutazama nyonga za mbwa kabla ya kupewa chai.

Maagizo ya daktari yalikuwa rahisi kuyasikia. Bosi apungue uzito. Atembezwe kila siku polepole, asikimbie. Apewe kidonge cha maumivu. Na asikanyage sakafu inayoteleza, maana kila mguu ukiteleza nyonga inaumia upya. Alisema hayo akiwa mlangoni mwetu, viatu mkononi, akitazama sakafu ya mama. Kisha akamwambia baba kwa sauti ya chini, nami nikasikia, "Siku atashindwa kusimama mwenyewe aende haja, uniite. Hiyo siku ni sindano tu. Si vizuri ateseke."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tangu hapo kitu cha kwanza nilichofanya nikiamka ni kusikiliza kama Bosi amesimama.

Lakini usidhani ugonjwa ulimfanya mpole. Kidonge tulikificha ndani ya tonge la ugali. Alikula ugali, akakitema kidonge kikiwa kikavu. Tulikificha ndani ya nyama, akaitazama nyama, akatutazama sisi, akaondoka. Kupunguza chakula kulitushinda zaidi, kwa sababu kwetu mtu akiumwa hulishwa. Mama huyo huyo aliyesema mbwa hatakiwi ndani ndiye aliyekuwa akimkwangulia ukoko wa sufuria. Baba akimuuliza, alijibu kwamba ukoko si chakula.

Suala la kutembea lilitatuliwa na koko. Nilimpeleka Bosi kwake siku moja nikivuta kamba na machozi, maana kila hatua kumi alikaa kitako. Niliinamisha kichwa koko akiguse, kama watoto wa kule wanavyowaamkia wakubwa. Akasema "Takwenya," nikaitika "Iko." Alimtazama Bosi anavyokwenda, kisha akaelekeza fimbo kwa ndama wake. Ndama hawaendi mbali. Hutolewa asubuhi, hulisha karibu na boma, hurudi kabla jua halijawa kali.

"Huyu aende na watoto," koko akasema. "Mkubwa akichoka anatembea na wadogo. Hata mimi natembea na hawa."

Basi Alsatian wa mkubwa akawa mchunga ndama. Likizo yote ya Agosti nilitembea nyuma yao kwenye baridi, harufu ya maziwa na kinyesi kibichi puani, kengele moja ikilia shingoni mwa ndama mkaidi, Bosi katikati akichechemea kwa heshima zake zote. Akapungua. Akaanza kuinuka bila kufikiri sana. Kilichobaki ni sakafu.

Baba alinunua magunia ya katani sokoni, akayatandika kutoka mlango wa jikoni hadi nyuma ya kiti chake. Mama aliyatazama kana kwamba zizi limehamishiwa ndani. "Nitakaribisha watu kwa ghala ya mahindi?" akauliza. Asubuhi aliyaondoa akifagia. Jioni baba aliyarudisha. Mimi nililaumiwa na wote wawili, na Bosi aliteleza kila magunia yalipojikunja, akanilaumu pia.

Chama cha akina mama wa kanisa kilikuwa kikienda nyumba kwa nyumba, na zamu yetu ikaangukia Jumamosi ya mwisho ya likizo. Mama aliamuru magunia yatoke, siku moja tu. Nikamkumbusha alivyosema daktari. Akanijibu kwamba daktari hatakuwa hapa Jumamosi kunywa chai.

Sasa nikuambie jambo ambalo kwa miaka yote hiyo sikumwambia mama. Niliyakunja magunia nikiwa na hasira, na kwa hasira hiyo nikapaka nta mara mbili. Nilitaka akose doa la kunionyesha. Niliburuta blanketi mpaka mdogo wangu akalia kizunguzungu. Mama akainama, akafumba jicho moja, akainuka. "Leo umefanya kazi," akasema. Hakuwa mtu wa kusifu, nami nikafurahi siku nzima, na furaha hiyo inaniudhi hadi leo.

Bosi nilimfunga kwenye mguu wa tangi la maji nyuma ya jikoni. Akina mama wakaja na sare zao, wakavua viatu, wakaisifu sakafu mmoja baada ya mwingine. Mama alisema ah, ni ya kawaida tu, na mashavu yake yalikuwa yamejaa. Kisha wakaanza kuimba. Bosi alipenda nyimbo, tabia aliyoitoa sijui wapi. Akajinasua, akaingia kwa mlango wa jikoni akitembea haraka haraka kama mtu aliyechelewa ibada.

Miguu ya mbele ilishika. Ya nyuma ikaenda kila mmoja upande wake. Alisereka kwa tumbo hadi chini ya meza, vikombe vikagongana, mandazi mawili yakamwangukia mgongoni. Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Hata mimi nilicheka. Kisha Bosi akajaribu kuinuka. Kifua kikainuka, nyuma ikabaki imetandazwa. Akajaribu tena, kucha zikikwaruza nta bila kupata pa kushika, na kila alipojaribu alizidi kulala. Mara ya tano au ya sita kicheko kikaisha. Mkojo ukamtoka, ukatambaa juu ya ule mng'ao wangu, naye akageuza uso akatazama ukutani. Mbwa huona haya, usidanganywe na mtu.

Mwenyekiti wa chama aliuliza taratibu kama mbwa huombewa.

Mama aliweka birika chini. Alipiga magoti pale pale penye mkojo, na sare yake ya kanisa, akafungua leso kiunoni, akaipitisha chini ya tumbo la Bosi, akakusanya ncha zake mkononi. Akaniambia, "Shika mbele." Tukamtoa hadi nyuma ya nyumba, yeye akiinua, mimi nikivuta. Tulipomlaza kwenye nyasi akasimama mikono kiunoni akamgombeza. "Na wewe pia, si ungekaa tu nje? Si nilisema mbwa hulala nje?" Akafuta uso kwa ile leso yenye mkojo, akarudi kwa wageni wake.

Baba alipotoka kazini alijaribu kumsimamisha mara tatu. Mara zote Bosi alianguka. Baba akakaa chini kando yake, akasema Jumatatu atampitia daktari.

"Jumanne," mama akasema.

"Kwa nini Jumanne?"

"Nimesema Jumanne."

Jumapili mama hakwenda kanisani. Tuliporudi tulimkuta amepiga magoti sebuleni. Alikuwa ameiondoa nta kwa mafuta ya taa na mchanga, na sasa alikuwa na tindo ya baba, anaichanja saruji yenyewe, mstari kwa mstari, kutoka mlango wa jikoni kwenda kwenye kiti. Sakafu yake, aliyoisimamia ikimwagwa. Vumbi jekundu lilikuwa kwenye nyusi zake.

Baba alisimama mlangoni na Biblia kwapani. "Mama watoto, magunia si yangetosha?"

"Magunia yanasonga," mama akajibu, akaendelea kuchanja.

Nilitaka kumwambia kuhusu nta. Badala yake nikachukua msumari, nikapiga magoti upande wa kiti, nikaanza kukwaruza kuelekea kwake, na jioni ilipofika tulikuwa tumekutana katikati. Jumatatu koko alikuja na mafuta ya kondoo kwenye chupa, akamkanda Bosi nyonga zote mbili huku akimwambia maneno ya Kimaa ambayo hatukuyaelewa. Tulimlaza nyuma ya kiti, mahali pake, na hakuna aliyemzuia.

Jumanne asubuhi nilisikia kucha. Hazikuwa zikiteleza. Zilikuwa zikishika, moja baada ya nyingine, polepole. Nilitoka mbio. Bosi alikuwa amesimama kwenye ile njia, miguu ya nyuma ikitetemeka, akielekea mlango wa jikoni kwenda haja yake. Mama alikuwa mbele yake anarudi kinyumenyume, ukoko mkononi, anamnong'oneza kwamba ni mbwa mjinga asiye na shukrani. Daktari alipofika na mkoba wake alipewa chai akarudi alikotoka.

Aliishi miaka miwili mingine, na usidhani ilikuwa ya raha. Alikataa kukanyaga pengine popote ndani ya nyumba isipokuwa kwenye njia yake. Ukiwa umesimama hapo alisubiri uondoke, akiugua kwa sauti. Miezi ya baridi nilimwinua kwa leso kabla ya kwenda shule, na darasani walisema ninanuka mbwa. Vidonge aliendelea kuvitema hadi mwisho. Asubuhi moja alilala chini huku ndama wakilisha, na waliporudi bomani hakuinuka. Koko ndiye aliyekuja kutuita. Sindano haikuhitajika. Tulimzika kando ya ua, na mama akasema sasa atarudishiwa sakafu yake.

Jumamosi iliyofuata nilipofika kwenye ile njia na kitambaa cha nta, mama akaniambia, "Hapo acha. Polishi ni kidogo." Kopo lilikuwa jipya, limejaa. Nikaacha. Hakuna aliyepapaka tena.

Nikiwa nje siku ile ya vigae nilitazama upande wa boma la koko. Koko alitangulia mbele za haki zamani, ardhi ikakatwa vipande. Pale ndama walipolisha pana ghorofa nne zimebanana, nguo zimeanikwa hadi juu, na chini kuna duka la vifaa vya ujenzi. Ndiko mama alikonunua vile vigae. Nyumbu sijui walienda wapi. Watoto wa mdogo wangu nikiwaambia walipita hapa, wananitazama kwa huruma kama tulivyohurumiwa na watu wa kwetu.

Nilirudi ndani. Mama alikuwa ameinuka kumpikia fundi chai. Nikaitazama miguu yake. Angeweza kupita popote, sebule ilikuwa imeondolewa viti vyote isipokuwa kile cha baba, lakini alifuata ile njia tu, hatua kwa hatua, mkongojo ukitangulia. Hakutoa mguu nje hata mara moja. Nikaona kwamba saruji pale ilikuwa imejaa alama ndogo za mviringo za mpira wa mkongojo, nyingi, za miaka.

"Mama," nikamwambia, "ile siku ya akina mama nilipaka nta mara mbili."

Hakugeuka. "Nilijua. Kopo mzima iliisha. Na ni mimi nilikusifu."

Fundi hakuelewa tunazungumza nini. Akagonga kile kipande kilichopauka kwa nyundo yake. "Mama, nianze na hii barabara?"

Mama akasimama, akaegemea mkongojo, akaitazama. "Hapo weka zile za nje, za kukwaruza."

"Zitaonekana vibaya, mama. Sebule moja, tiles mbili? Wageni watashangaa."

"Wageni wapite kando," mama akasema, akaendelea na njia yake hadi jikoni.